Hekalu, Kuhani na Sadaka



Katika mafundisho ya kujiweka tayari kwa ubatizo mtasikia mara kwa mara maneno matatu: hekalu, kuhani, sadaka. Wengine hudhani kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi wa kale peke yao, au ni mambo yaliyoletwa na wamisionari katika mizigo yao. Sivyo. Watu wa kila nchi wameyajua mambo hayo matatu, hata kabla ya kuisikia Injili. Maana mwanadamu, popote alipo, hutambua moyoni mwake kwamba uhai wake haukutoka kwake mwenyewe. Kwa hiyo hutafuta mahali pa kukutana na yule aliyempa uhai. Hutafuta mtu wa kusema kwa niaba yake. Hutafuta zawadi ya kuchukua mkononi, asije akafika mikono mitupu. Mahali hapo ndipo hekalu. Mtu huyo ndiye kuhani. Zawadi hiyo ndiyo sadaka.

Basi leo tutazame jinsi mataifa mawili yalivyotafuta, moja la mbali na moja la jirani. Halafu tutazame jinsi Mungu alivyojibu.

I. Taifa la mahindi

Mahindi tunayoyapanda na kuyatwanga hapa Nundu hayakuwa ya Afrika tangu mwanzo. Yalitoka ng'ambo ya bahari kuu, katika nchi za Amerika. Huko, katika Guatemala na upande wa kusini-mashariki wa Meksiko, liko taifa liitwalo Wamaya. Wazee wao walisimulia kwamba miungu walijaribu kwanza kumfanya mtu kwa udongo, haikufaa. Wakajaribu kwa mti, haikufaa. Mwishowe wakamfanya kwa mahindi, naye akawa mtu wa kweli. Kwao, chakula na mwili na ibada vilikuwa jambo moja.

Wamaya walijenga mahekalu makubwa ya mawe, ngazi juu ya ngazi, na juu kabisa chumba kidogo cha ibada. Mjini Tikal liko hekalu moja lenye kimo cha zaidi ya mita 60, lililojengwa katika karne ya 8. Walilijenga bila vyombo vya chuma, wala hawakuwa na punda au ng'ombe wa kuchukua mizigo. Kila jiwe lilipandishwa kwa mikono ya watu. Makuhani wao walihesabu siku kwa hesabu mbili pamoja: mwaka wa siku 365, na duru takatifu ya siku 260. Walifuata mwendo wa ile nyota ing'aayo alfajiri, nao waliandika elimu hiyo katika vitabu.

Je, walitoa sadaka gani? Walitoa ubani na vyakula. Lakini waliona hayo hayatoshi. Wafalme na malkia walijitoboa ulimi na viungo vya mwili, damu ikadondoka juu ya karatasi, karatasi ikachomwa ili moshi upande juu. Mara nyingine walimwua mtu, hasa mateka wa vita. Mjini Chichén Itzá kipo kisima kikubwa cha asili, ambamo walitupa vitu vya thamani, na watu pia.

Msicheke, ndugu zangu, wala msiwadharau. Watu hao walijua neno moja la kweli: uhai ni zawadi, na zawadi hiyo yadai shukrani kubwa. Hawakujua nani angeweza kutoa shukrani iliyotosha. Kwa hiyo walirudia tena na tena, leo damu, kesho damu, wasipate kupumzika.

Wamisionari walipofika huko, wapo waliowapenda watu hao na kuwatetea. Lakini mwaka 1562, katika kijiji cha Maní, mtawa mmoja jina lake Diego de Landa aliamuru vitabu vyao vichomwe moto. Hata leo, vitabu vya Wamaya vya zamani vinavyojulikana kubaki duniani ni vinne tu. Moto huo ulichoma elimu nyingi, wala haukubatiza moyo wa mtu hata mmoja. Likumbukeni jambo hilo, tutalirudia.

II. Hekalu la ziwani

Sasa tuje karibu. Katika Uganda kuna ziwa ambalo Waganda huliita Nalubaale. Katika ramani huandikwa Viktoria. Waganda wa zamani walijua kwamba yupo Muumba, wakamwita Katonda. Lakini shida za kila siku walizipeleka kwa wengine, walioitwa balubaale. Mkubwa wao alikuwa Mukasa, bwana wa ziwa. Hekalu lake kuu lilikuwa katika kisiwa cha Bubembe, katika visiwa vya Ssese. Mvuvi alipokumbwa na dhoruba alimwita Mukasa. Mama asiye na mtoto alimwomba Mukasa. Kabaka mwenyewe, ndiye mfalme, alimpelekea zawadi.

Ninyi mnaovua ndagala katika Tanganyika yetu mnaelewa habari hiyo bila kufundishwa. Upepo unapogeuka usiku na taa zinazimika, moyo wa mvuvi hutafuta jina la kuita.

Hekaluni mlikuwa na watu wa namna mbili. Kabona alikuwa kuhani: alilinda nyumba, alipokea matoleo, alipeleka maneno ya watu. Mmandwa alikuwa yule aliyesemekana kupandwa na roho. Mmandwa wa Mukasa alikuwa mwanamke aliyetengwa na wengine. Alivuta kiko cha tumbaku mpaka roho ilipomjia, ndipo akatoa maneno.

Mwaka 1879, tarehe 17 Februari, Padri Simeon Lourdel na Bruda Amans, Wamisionari wa Afrika, walitua katika pwani ya Uganda. Waprotestanti walikuwa wamekwisha kufika mwaka 1877, na dini ya Islamu ilikuwapo kabla yao. Kabaka Mutesa aliwasikiliza wote. Alikuwa mwenye akili nyingi, aliuliza maswali makubwa. Lakini alikuwa mgonjwa, na mwishoni mwa mwaka uleule 1879 wakuu wake walishauri kwamba Mukasa aletwe ikulu amponye. Akaletwa kwa heshima. Mutesa hakupona. Alikufa Oktoba 1884, baada ya kuzisikiliza dini zote, naye hakuwa amebatizwa.

Wakatekumeni wapenzi, mtazameni sana Kabaka huyo. Kuisikia Injili aliisikia. Lakini mguu mmoja aliuweka ndani ya mtumbwi na mguu mwingine akauacha ufukoni. Mnajua mwisho wa mtu apandaye mtumbwi hivyo.

III. Namugongo

Katika nchi hiyo palikuwa na mahali pengi pa kuulia watu. Mara nyingine watu waliuawa kwa kosa lao. Mara nyingine kwa neno la wapiga ramli, waliosema kwamba nchi haitapona pasipo damu. Mahali pamoja pa namna hiyo paliitwa Namugongo. Walinzi wa pale walikuwa wachinjaji, na mkubwa wao aliitwa Mukajanga.

Mutesa alipokufa, mwanawe Mwanga alitawala. Katika ikulu yake mlikuwa na mtumishi mwaminifu, Yosefu Mukasa Balikuddembe. Tazameni jina lake: Mukasa, jina la bwana wa ziwa! Alibatizwa mwaka 1882. Aliwalinda vijana wa ikulu na uchafu wa mfalme, akamlaumu Kabaka kwa kuua mtu asiye na hatia. Kwa hiyo naye aliuawa, tarehe 15 Novemba 1885. Kabla ya kufa alimpelekea Kabaka neno la msamaha na la kumwonya atubu.

Nafasi yake ilishikwa na Karoli Lwanga. Mwezi Mei 1886, usiku wa mwisho kabla ya hukumu, Lwanga aliwabatiza kwa mkono wake wakatekumeni waliokuwa pamoja naye. Mmoja wao alikuwa Kizito, kijana wa miaka 14 hivi. Tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa kwa Bwana, Lwanga alichomwa polepole kwa moto, peke yake; na wenzake, Wakatoliki na Waanglikana, wakachomwa pamoja. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto aliyelelewa na Mukajanga mwenyewe. Alisihiwa na jamaa zake aikane imani, akakataa.

Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Wakatoliki 22 kati ya mashahidi hao kuwa watakatifu. Leo Namugongo pana kanisa kubwa lililojengwa kwa umbo la nyumba ya Kiafrika, nalo lilibarikiwa mwaka 1975. Altare yake imewekwa mahali alipochomwa Lwanga. Mahali palipomwagwa damu kwa hofu, sasa hutolewa Sadaka ya Misa kwa shukrani. Na kila mwaka, tarehe 3 Juni, watu huja kwa miguu kutoka mbali sana, hata kutoka nchi nyingine.

Jina la Mukasa nalo halikutupwa. Tarehe 29 Juni 1913, katika misheni ya Villa Maria, Waganda wawili wa kwanza walipewa upadri: Bazilio Lumu na Viktor Mukasa. Mungu hakuliharibu jina la mababu. Aliliosha kwa maji ya ubatizo.

IV. Jibu la Mungu

Sasa tuulize: watu wa Tikal na watu wa Bubembe walikosa nini? Juhudi hawakukosa, wengi wetu tungeona aibu kuupima uvivu wetu na juhudi yao. Walikosa mambo matatu.

Kwanza, hekalu lao halikuweza kumchukua Mungu. Nyumba ijengwayo na watu, hata ikiwa na mita 60, ni ndogo kwake aliyeziumba mbingu.

Pili, kuhani wao alikuwa mwenye dhambi na mwenye hofu kama wao. Mtu aliyezama hawezi kumwopoa aliyezama.

Tatu, sadaka yao haikwisha. Ilikuwa kama deni ambalo mtu hulipa riba yake kila mwezi, nalo deni lenyewe limesimama palepale.

Mungu aliyaona hayo, akawahurumia wanadamu. Hakungoja wapande ngazi mpaka kwake, alishuka yeye. Neno wa Mungu alifanywa mtu katika tumbo la Bikira Maria. Mwili wake ndio hekalu la kweli, maana ndani yake Mungu na mtu wamekutana wasitengane kamwe. Yeye ndiye kuhani wa kweli, asiye na dhambi, naye anatuombea siku zote. Na yeye ndiye sadaka. Barua kwa Waebrania inatufundisha kwamba hakuingia mbele ya Mungu na damu ya mnyama, bali na damu yake mwenyewe, naye aliitoa mara moja tu kwa ajili ya watu wote.

Mara moja! Lishikeni neno hilo, wazee wangu. Wamaya walirudia kwa sababu sadaka yao haikufika. Sisi je, kwa nini Misa husomwa kila siku? Si kwamba Kristu huuawa tena. Sadaka ileile moja ya Msalaba huwekwa mbele yetu, ili sisi wa leo, wa Nundu, tupate kushiriki. Padri altareni hatoi sadaka nyingine. Anamwazima Kristu mikono na mdomo wake, na Kristu mwenyewe ndiye anayetoa. Ndiyo maana padri si mmandwa wala si mpiga ramli. Hasemi mambo ya siri kuhusu jirani yako. Hauzi nguvu. Anakupa Mwili wa Bwana na msamaha wa dhambi, basi.

Wala upadri si mali ya kabila moja. Ziwa letu hili la Tanganyika liliona mapema neema hiyo. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, ambako leo huitwa Kirungu, Stefano Kaoze alipewa upadri. Ndiye padri wa kwanza Mkongomani wa nyakati zetu. Alizaliwa Marungu, katika nchi za ziwa hilihili tunaloteka maji yake.

V. Makuhani wa Baraka na Fizi

Tena sisi wa nchi hii hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mwaka uleule 1964, wiki sita hivi baada ya kutangazwa watakatifu wa Uganda, vita vilikuwa vimeijaza nchi yetu. Tarehe 28 Novemba, gari la waasi lilisimama mbele ya kanisa la Baraka. Bruda Vittorio Faccin alitoka kuwapokea, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha watu. Aliitwa nje, akaamriwa apande garini. Alipomwona mwenzake amelala chini, alikataa kumwacha; alipiga magoti karibu naye, akauawa hapo. Jioni ileile, huko Fizi, Padri Giovanni Didonè na Padri Albert Joubert waliuawa mlangoni mwa misheni.

Watatu wa kwanza walikuwa Wasaveriani kutoka Italia, wala hakuna kati yao aliyefikisha miaka 35. Padri Joubert alizaliwa mwaka 1908 kando ya ziwa letu, baba yake Mfaransa, mama yake Mwafrika. Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Eklezya iliwatangaza wote wanne kuwa Wenye Heri.

Tazameni tofauti, ndugu zangu. Katika dini za hofu, kuhani hushika kisu, na mtu mwingine hufa. Katika dini ya Kristu, kuhani hupiga magoti mwenyewe. Aliyeshika hostia asubuhi amekubali kuwa kama hostia jioni.

VI. Na sisi je?

Yanabaki mambo ambayo kila mmoja wenu anayajua, nami sitayazunguka.

Nyuma ya nyumba nyingi kipo kijumba cha mizimu. Mkatekumeni huuliza: Nifanye nini nacho? Kumbukeni moto wa Maní. Usiende kuchoma kijumba cha baba yako wala cha jirani yako, wala usikitukane. Mtaguso wa Vatikano, mwaka 1965, ulifundisha kwamba Eklezya haikatai lolote lililo kweli na takatifu katika dini za watu. Kuwaheshimu mababu ni kweli. Kuwakumbuka ni vema: tunawaombea katika kila Misa, na hasa tarehe 2 Novemba. Lakini kuwaabudu, na kuwaogopa kama mabwana wa uhai wako, hilo liache. Liache kwa miguu yako, si kwa kiberiti. Siku utakapokuwa hupiti tena njia ya kwenda kijumbani, majani yatakifunika yenyewe.

Mtoto akiugua, wazee watasema: Twende kwa mpiga ramli. Mkatekumeni, mpeleke mtoto hospitali, na uombe. Ukipewa dawa ya mizizi na mtu mwaminifu ajuaye miti, hiyo si dhambi. Miti ni viumbe vya Mungu. Lakini ramli ni jambo jingine. Sikilizeni kwa nini.

Mpiga ramli hamalizi kazi yake mpaka ametaja jina. Na jina hilo huwa la nani? Mara nyingi ni la mjane mzee, asiye na mtoto wa kumtetea, akaaye peke yake mwisho wa kijiji. Kuanzia siku ile anaitwa mchawi. Watoto wanamkimbia. Nyumba yake inachomwa, au anafukuzwa usiku, au anapigwa mpaka kufa. Wazee wangu, niwieni radhi nikisema wazi: hiyo ndiyo sadaka ya mtu. Tunashangaa kisima cha Chichén Itzá, na huku sisi tunacho chetu. Tofauti ni kwamba Wamaya walitoa vitu vyao vya thamani pia. Sisi twamtoa yule tunayemwona hana thamani.

Mkristu hawezi kushiriki jambo hilo. Damu moja imekwisha kumwagwa kwa ajili ya mtoto wako mgonjwa na kwa ajili ya mjane yule. Ukidai damu nyingine, unasema kwamba Msalaba haukutosha. Na mtu asemaye hivyo abatizwe kwa ajili ya nini?

Basi siku watu watakapokusanyika mlangoni kwa mama mzee na mawe mikononi, hiyo ndiyo siku ya kujua nani ni mkatekumeni. Usiseme: Mimi sikurusha jiwe. Simama mlangoni pake. Yosefu Mukasa alisimama mbele ya Kabaka; wewe usimame mbele ya wajomba zako. Ni vigumu, najua. Utaitwa mwenzake mchawi. Ndiyo sababu Kardinali Lavigerie, aliyewatuma wamisionari katika nchi hizi, aliagiza mafunzo ya ubatizo yachukue miaka minne. Sala mtu huzijua upesi. Moyo ndio huchelewa kuhama.

Maji yatakapomiminwa juu ya kichwa chako, utakuwa wewe mwenyewe hekalu la Roho Mtakatifu. Je, ndani ya hekalu hilo patakuwa na nini? Hofu, au sadaka ya sifa?

Maswali ya kujifunza

Hekalu la kweli ni nini? Ni Mwili wa Kristu. Nasi kwa ubatizo tunakuwa mahekalu ya Roho Mtakatifu.

Kuhani wa kweli ni nani? Ni Yezu Kristu. Mapadri hushiriki ukuhani wake huo mmoja.

Sadaka ya kweli ni ipi? Ni ile aliyoitoa Yezu msalabani mara moja, nayo huwekwa mbele yetu katika Misa Takatifu.

Je, Mkristu anaweza kwenda kwa mpiga ramli? Hapana, maana huko humkana Kristu, na humtoa jirani yake afe.

Tuombe. Ee Yezu, Kuhani wa milele, utuondolee hofu. Wenye Heri mashahidi wa Baraka na Fizi, mtuombee. Amina.